Slaidi Tatu za Igunguli

Maabara, Dodoma
6 Juni 1994

Mdogo wangu Lydia,

Salamu utazikuta chini kabisa, hasira zikishapungua. Nianze na kasha lako. Konda wa basi amelifikisha salama, ingawa ningemshukuru zaidi kama angelisahau njiani, Buigiri. Slaidi zote ulizoleta zimekauka mpaka zina nyufa. Nimechungulia asubuhi nzima, na nilichokiona ni chembe zilizovimba, vumbi, na unyoya wa kuku. Unyoya wa kuku, Lydia! Hiyo ni zahanati au banda?

Nilikueleza kwa mdomo, nikakuchorea na picha, maana nakujua. Ukishachukua ute kwenye mlango wa kizazi, unaupaka kwenye kioo upesi, mwembamba, na unakitumbukiza kioo kwenye spiriti kabla ute haujakauka. Wewe umezianika dirishani zipigwe na upepo kama mlenda wa kiangazi. Mkoa unataka tulinganishe slaidi iliyokaushwa kwa hewa na iliyolowekwa kwenye spiriti, ipi inaonyesha maambukizi vizuri zaidi. Huwezi kulinganisha kitu na kitu kama vyote umeviharibu kwa njia moja.

Na usinijibu kwamba vijijini kuna shida. Njia inayozishinda zote mbili haihitaji hata spiriti. Ni tone bichi lenye maji ya chumvi ya vuguvugu, linatazamwa papo hapo. Humo mdudu wa trikomonasi unamwona akiogelea. Akipoa anatulia, na akitulia hana tofauti na chembechembe nyeupe, utampita bila kumpigia hodi. Hayo nawafundisha wanafunzi hapa kila wiki, na wewe uliyesomea uuguzi hujayashika. Hadubini huna, nakubali, kwa hiyo angalau loweka.

Sasa la nyumbani. Unajua kaka yako Ernest amemrudisha mkewe Lea kwao, hapo hapo Igunguli unapofanyia kazi. Sababu ameieleza mbele yetu sote: mwanamke anatokwa na uchafu unaonuka, na uchafu huo haupatikani kwa kukaa jikoni. Ernest mwenyewe nimempima mkojo, ni msafi. Hesabu ni nyepesi. Mimi tangu mwanzo nilisema yule binti hatufai. Mtu gani anacheka na wauza mitumba wote wa Majengo kana kwamba wamezaliwa tumbo moja?

Kikao cha koo mbili ni Jumamosi ya tarehe 16 Julai, nyumbani kwa baba yake. Mchukue kipimo uniletee. Karatasi yangu ikisema ana maambukizi, ng'ombe wa mahari watarudi na Erica atabaki kwetu moja kwa moja. Mtoto yuko kwangu tangu mama yake aondoke. Ana miaka minne tu na anamwulizia kila jioni, lakini watoto husahau.

Salamu, basi.

Dada yako,
Miriam Sila


Zahanati ya Igunguli
14 Juni 1994

Dada Miriam, shikamoo.

Barua yako imefika pamoja na matusi yake, hakuna hata moja lililodondoka njiani. Unyoya wa kuku naukubali. Mlango wa chumba changu uliliwa na mchwa mwaka juzi, na upepo wa mwezi huu unaingia kabla ya mgonjwa. Kuku nao hawajui kusoma kibao. Spiriti ilikuwa imekwisha tangu Pasaka. Niliwaandikia mkoa, wakaniletea mabango ya kunawa mikono. Sasa nimeazima chupa kwa muuguzi mwenzangu wa Buigiri, kwa hiyo mahubiri ya kuloweka yatoshe.

Lea amekuja. Sikumwita, amekuja mwenyewe kwa maumivu, anawashwa mpaka hawezi kukaa. Nimemweleza mnachokitaka. Akaniuliza, "Wakinikuta nao, Erica ndiyo basi?" Nikamwambia ndivyo wanavyosema. Akapanda kitandani bila kusaidiwa. "Chukua," akasema. "Ila jibu nilisikie mimi kwanza, siyo kikao." Nimemwahidi, na ahadi niliyompa mgonjwa mimi sivunji hata kwa ajili ya dada yangu.

Ndani ya kasha kuna slaidi tatu: 21, 22 na 23. Hazina majina, kama mkoa ulivyoagiza. Ya Lea imo humo. Sikutajii ni ipi, ili jicho lako lisome kioo, lisisome mtu. Andika ulichokiona katika kila moja, nami nitakujibu.

Msalimie Erica. Mwambie mama yake anamsukia kikapu kidogo cha kwake.

Mdogo wako,
Lydia


Maabara, Dodoma
22 Juni 1994

Mdogo wangu Lydia,

"Lisome kioo, lisisome mtu." Umeanza lini kunifundisha kazi? Nilikuwa nachungulia hadubini wewe ukingali unachunga mbuzi na kulia ukiwapoteza. Lakini sawa, nimecheza mchezo wako. Haya matokeo.

Slaidi 21 ni safi. Imekaushwa kwa hewa, chembe zimevimba kidogo, lakini mdudu sikumwona hata mmoja. Huyu ni mwanamke aliyetulia, analala kwake. Nadhani ni mke wa mwalimu mkuu, yule mlokole.

Slaidi 22 imelowekwa vizuri, hongera, hatimaye. Imejaa trikomonasi kila ninakogeuza. Huyu sihitaji jina lake. Huyu ni Lea. Kioo kinanicheka usoni kama yeye mwenyewe alivyokuwa akinicheka sebuleni kwangu. Mwambie mapema asijisumbue kuvaa vizuri siku ya kikao.

Slaidi 23 sijui niisemeje. Nusu imekauka, nusu imelowa, ute mzito kama ugali wa msibani. Nimeandika "haifai". Mwenye slaidi hiyo ni mchafu tu, mwambie aoge.

Nimekwisha mwambia Ernest kuhusu hiyo 22. Najua ulimwahidi mgonjwa. Wewe ulimwahidi, mimi sikumwahidi. Ernest alivyofurahi! Na yeye hana cha kuogopa, nilimpima mimi mwenyewe. Siku ile aliiacha chupa ya mkojo mapokezi asubuhi akienda kazini, ameizungushia gazeti kwa heshima zote, nami nilipomaliza foleni ya wajawazito na kunywa chai ya saa kumi nikaitazama. Hakuna kilichotikisika humo. Mtu msafi ni msafi.

Anza kuandaa maneno ya kumwambia baba yake Lea, kwa kuwa nikiyasema mimi yatamwuma zaidi.

Dada yako,
Miriam


Zahanati ya Igunguli
29 Juni 1994

Dada Miriam, shikamoo.

Mke wa mwalimu mkuu hajawahi kupanda kitanda changu. Slaidi 21 ni ya Lea. Slaidi 22 ni ya Lea. Na 23, huyo mchafu wako, ni Lea vilevile. Nilizichukua zote kwa mkupuo mmoja. Ya kwanza niliiacha mlangoni ikaushwe na upepo. Ya pili niliitumbukiza kwenye spiriti papo hapo. Ya tatu niliishika mkononi huku nikimfukuza mbuzi aliyeingia kunywa maji ya kunawia, ndiyo maana imekuwa vile. Mkoa walitaka ulinganisho, na huo ndio ulinganisho. Mwanamke mmoja kwako amekuwa mlokole, mhuni na mchafu, kutegemea nilivyokitendea kioo.

Sikukudanganya. Nilisema ya Lea imo, na imo mara tatu.

Kuhusu ugonjwa sibishani nawe. Anao, 22 imesema kweli, na nimekwisha mwambia. Hakulia. Aliuliza tu, "Na Ernest?" Nikamjibu kwamba Ernest ni msafi, dada amempima. Akanitazama kwa namna ambayo sitaki kutazamwa tena na mgonjwa.

Basi nikarudi nyumbani nikazisoma barua zako mbili, moja kando ya nyingine. Ya kwanza inasema tone lisipotazamwa papo hapo likiwa na joto lake, mdudu anatulia na unampita. Ya pili inasema mkojo wa Ernest ulikaa mapokezi tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi, kwenye baridi ya msimu huu. Dada, chupa ile ina tofauti gani na slaidi zangu za dirishani? Mimi niliharibu kwa kukosa spiriti na mlango. Wewe una mlango, una spiriti, una hadubini ya umeme, na umeharibu kwa sababu anayepimwa ni mdogo wako. Nyani haoni kundule.

Nimekuogopa maisha yangu yote, na leo nakuonea aibu. Mwite Ernest. Akojoe hapo hapo maabara, mkojo wa kwanza, nawe uutazame ukiwa bado na joto. Ukimkuta msafi, nitasimama kikaoni niseme mbele ya wote kwamba mimi ni mjinga. Usipomwita, nitajua kwa nini hukumwita.

Lydia


Maabara, Dodoma
4 Julai 1994

Lydia,

Mdogo mtu anamwita dada yake nyani, tena kwa barua inayopita mikononi mwa konda! Marehemu mama angekuwa hai angetafuta namna ya kukurudisha tumboni. Umenitegea mtego ndani ya kazi yangu, umenisahihisha kama mtoto wa darasa la tatu, na bado unaanza na shikamoo. Shikamoo hiyo kaa nayo.

Na kwa taarifa yako, hadubini haisemi nani alimpa nani. Hata Ernest akikutwa nao, nitasema amepata kwa mkewe, na hakuna kioo cha kunipinga.

Nimemwita aje Jumatano. Siyo kwa ajili ya Lea. Nimemwita ili nikufunge mdomo.

Miriam


Nkuhungu, Dodoma
8 Julai 1994

Kwako Lydia,

Sikutegemea kwamba mtu niliyembeba mgongoni akiwa na surua angekuja kunidhalilisha mbele ya wanafunzi wa maabara. Mimi, afisa wa serikali, ambaye watu wa Bunge wakija mjini wananiulizia kwa jina, nimepewa kikombe na kuonyeshwa choo, na dada amesimama nje ya mlango kama askari magereza. Alichokiona amekiona, siwezi kumzuia mtu kuona. Wanaume wengi wanacho na wanaendelea na kazi zao. Isitoshe, mimi nilikwisha choma sindano zamani, huko Majengo, kwa daktari wa binafsi mwenye feni na kapeti, siyo hospitali zenu za kukaa foleni na vikohozi. Siku hizi kila kitu ruksa, mtu anajitibu anapotaka.

Nimetafakari kama mkuu wa nyumba na nimeamua kumsamehe Lea. Kikao kivunjwe. Mambo ya chumbani hayana sababu ya kuwafikia wazee. Mwambie arudi Nkuhungu, na amshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye moyo. Asihangaike kubeba kitu. Nyumba ina kila kitu isipokuwa mtu wa kupika.

Kaka yako,
Ernest Sila


Maabara, Dodoma
9 Julai 1994

Mdogo wangu Lydia,

Wanaogelea. Tone la kwanza tu, na hata sikuhitaji kutafuta. Nilitazama, nikafuta lenzi, nikatazama tena nikiomba yawe ni macho yangu yamezeeka.

Nikamwuliza Ernest hiyo sindano ya Majengo alichoma lini. Akasema Februari. Nikamwuliza Ernest tena: mkewe alianza kulalamika lini? Akasema baada ya Pasaka, halafu akafunga mdomo, lakini amekwisha chelewa. Na sindano yenyewe ni ya ugonjwa mwingine. Mdudu huyu haimtikisi. Anataka vidonge vya flajili, mume na mke wameze pamoja. Yule daktari mwenye kapeti hakumpima hata tone. Alimwuliza anataka kuchomwa tako lipi, basi, akamwambia amepona. Nimemdharau Ernest mpaka mate yamenikauka. Amesomeshwa, amevishwa, ameozwa mke kwa ng'ombe wa baba, na uchafu alioufuata kwa miguu yake mwenyewe anambandika mwanamke.

Lakini ni ndugu yetu, Lydia. Tukilisema kikaoni, jina la Sila litaliwa na mbwa Igunguli nzima, na baba ni mzee, hataki mengi. Mimi ndiye niliyemwambia Ernest aandike kwamba amesamehe. Jinsi alivyoandika sijui, na sitaki kujua. Wewe mpe Lea dozi, mwambie karatasi za maabara zimepotea, arudi kimya kimya. Anachokililia si mtoto? Atampata, akirudi. Mwanamke mwenye akili husitiri nyumba yake.

Dada yako,
Miriam


Igunguli
12 Julai 1994

Wifi Miriam,

Lydia amenipa dozi, na amenipa barua zenu nizisome, yako na ya mume wangu. Ya msamaha nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikucheka vya kutosha.

Kumbe nimesamehewa. Aprili nilimwambia Ernest kwamba naumwa, akaniambia nioge maji ya chumvi. Nikaoga. Nikamwambia bado, akahamia chumba cha wageni na kuanza kuwaambia watu kwamba nanuka. Mwezi wa Mei alinipandisha basi na begi moja, na wewe ukamshika Erica mikono yote miwili ili asinifuate. Nilikuona kupitia dirishani. Ulikuwa umenyooka kama mtu anayefanya kazi ya Mungu.

Karatasi ilipokuwa yangu, ilikuwa ya kusomwa mbele ya baba yangu, kaka zangu na majirani wa kusikiliza nje ya ua. Ilipokuwa ya mdogo wako, imepotea. Sikukudhania mwongo, wifi. Nilikudhania mkali tu, na mtu mkali nilikuwa namheshimu. Siku zile nilizokuwa nacheka sebuleni kwako nilikuwa nacheka kwa woga. Sasa sina ninachokuogopea.

Sirudi. Nyumba ile siitaki, na mwenye nyumba simtaki hata akiletwa amefungwa utepe. Ninachokitaka ni Erica. Kikao kiko palepale, Jumamosi, baba amekwisha waita watu. Mlete mtoto wewe mwenyewe, na uliyoyaona uyaseme kwa kinywa chako, umesimama. Usipokuja nitayasema mimi. Nitaulizwa nimeyajuaje, na nitajibu kwamba wifi yangu msomi aliyaona kwa macho yake, akaogopa.

Lea Yoramu


Dodoma
17 Julai 1994

Ernest,

Ulituma ujumbe kwamba hutafika kikaoni kwa sababu una semina. Semina ya Jumamosi, Igunguli nzima ilicheka. Mzee Yoramu aliamuru kiti chako kiwekwe hivyo hivyo katikati ya ua, na watu wakawa wanakisalimia.

Nilisimama. Nilisema kama ninavyosema darasani: mdudu ni wa aina gani, nilimwona kwa nani na nani, na mara ya kwanza kwa nini nilimkosa kwako. Nikasema nilimkosa kwa sababu sikutaka kumwona. Hapo mzee mmoja asiyesikia vizuri akaomba nirudie, nikarudia kwa nguvu zaidi. Baba yetu aliinamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze, na sikuona sababu ya wewe kuikwepa aibu hiyo, ndiyo maana jina lako nimelitaja lote, na cheo chako.

Mzee Yoramu aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo binti yangu ni mgonjwa au ni mwovu?" Nikamwambia alikuwa mgonjwa, na sasa anapona. Akaniambia nikae.

Ng'ombe hawarudi. Erica amebaki kwa mama yake. Ukitaka kumwona utakwenda kwa mzee Yoramu kama mgeni, utapiga hodi nje ya ua na kusubiri uitwe. Lea aliulizwa kama ana neno kwa ajili yako. Akasema hana.

Ndani ya bahasha hii kuna vidonge vyako. Meza vyote, na pombe uache mpaka viishe. Usivipeleke kwa yule wa kapeti akushauri. Na kabla hujaoa mwingine, maana najua umekwisha anza kumtazama mtu, uje nikupime kwanza. Usipokuja, nitamfuata huyo mwanamke kwao na kumweleza, sasa nimeizoea kazi hiyo.

Mkoa nimewaandikia leo. Nimesema slaidi ya upepo inadanganya, ya spiriti inasema kweli, na tone bichi linasema zaidi, iwapo anayetazama anataka kuona. Hayo maneno ya mwisho watayafuta. Mdogo wetu Lydia ameombewa mlango.

Mwanao hukuniuliza habari zake, lakini nitakueleza. Jana asubuhi tulipopanda basi alikaa dirishani, amevaa gauni lake la njano. Aliniuliza habari za vilima, za mtoto aliyekuwa akilia kiti cha nyuma, na kama mama yake anajua kwamba tunakuja. Njia nzima, Ernest, hakukuulizia hata mara moja.

Dada yako,
Miriam